Upepo Kwanza, Nguo Mwisho: Mwongozo wa Kutazama Wanyamapori Bila Kugunduliwa

Mtu anayeanza kuvutiwa na wanyamapori mara nyingi huanza na nguo. Hutafuta shati la madoadoa, kofia ya rangi ya majani, pengine na rangi ya kujipaka usoni, kisha anaingia porini huku upepo ukimpiga kisogoni. Swala aliyekuwa mita mia mbili mbele yake anaondoka kabla hata hajaonwa, na mtu yule anarudi akilalamika kwamba pori lile halina wanyama. Wanyama walikuwepo. Walimnusa.

Mambo matano humfichua mtu porini: harufu, mwendo, sauti, umbo na rangi. Kwa mamalia wengi uzito wake unafuata mpangilio huohuo, na rangi ndiyo ya mwisho. Kwa ndege, harufu inashuka hadi mkiani na mwendo unashika nafasi ya kwanza. Mwongozo huu nao umegawanywa hivyo, bila usawa: upepo na utulivu vimepewa nafasi kubwa, nguo zimepewa aya chache.

Umefaulu pale mnyama anapoendelea kula, kunyonyesha, kugombana au kulala kana kwamba hupo. Ukimwona mgongo tu akikimbia, umeona mnyama anayekuogopa, na hayo si maisha yake ya kila siku.

Kabla ya kutoka: jua unamfuata nani

Milango ya fahamu haifanani. Kifaru haoni mbali, lakini pua na masikio yake havina mchezo. Twiga anaona mbali, tena kutoka juu, na pundamilia walio karibu naye humtegemea: akikukazia macho, nao wanaanza kutafuta anachokitazama. Sungura ana macho pembeni mwa kichwa na huona karibu duara zima bila kugeuza shingo. Paka na jamaa zake husikia sauti nyembamba mno, zilizo juu kabisa ya uwezo wa sikio letu, kwa hiyo mchakacho wa nailoni ambao kwako ni mdogo kwao ni kelele.

Kuhusu pua, tembo hana mpinzani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba tembo wa Afrika ana takriban jeni 2,000 zinazohusika na kunusa, karibu mara mbili ya mbwa na mara tano ya binadamu. Na pua hiyo haimwambii tu kwamba kuna mtu. Huko Amboseli, Kenya, watafiti waliwawekea tembo nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu mbalimbali. Walipokuta harufu ya wanaume wa Kimaasai, ambao vijana wao wamewahi kuwachoma tembo mikuki, walikimbia kwa kasi zaidi na mbali zaidi kuliko walipokuta harufu ya Wakamba, ambao ni wakulima. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2007. Kwa mnyama wa namna hiyo, kujificha nyuma ya kichaka huku upepo ukikusaliti ni kupoteza muda.

Basi jiulize maswali matatu kabla ya kutoka: mnyama huyu anategemea nini zaidi, anatoka saa ngapi, na anapita wapi? Nyayo, vinyesi, manyoya yaliyonasa kwenye miiba na majani yaliyotafunwa karibuni vitakujibu swali la tatu. Nenda ukavitafute katikati ya mchana, wakati wengi wamepumzika kivulini, ili upelelezi wako usiharibu saa za kutazama.

Hatua ya 1: Pima upepo, kisha pima tena

Kanuni ni nyepesi kuitamka: upepo utoke kwa mnyama uje kwako, ukupige usoni. Ukiusikia kisogoni, umeshajitangaza. Ugumu ni kwamba upepo hautulii, na ule unaousikia kichwani huenda si ule unaopita mita thelathini mbele yako.

Kidole kilicholowa mate hakitoshi. Tengeneza kimfuko cha kitambaa chepesi, tia jivu laini lililochekechwa, funga, kisha kitikise mara moja kila unaposimama. Vumbi litakuonyesha hewa inakoelekea hata pale unapodhani kuna utulivu. Unga wa talki usio na manukato unafanya kazi hiyohiyo. Mimi napenda zaidi nyuzi za sufi: unaachia unyuzi mmoja, unaufuata kwa macho, na unaona hewa inavyopinda kwenye mti, inavyozama kwenye korongo, inavyorudi nyuma. Moshi wa sigara, ambao wengine huutumia, ni kuandika jina lako hewani.

Kwenye vilima na mabonde kuna mzunguko wa kila siku ambao ukishauzoea utakuokoa mara nyingi. Jua likipanda, mteremko hupata joto na hewa huanza kupanda kuelekea kileleni. Jioni ardhi inapopoa, hewa ya baridi huwa nzito na huteremka bondeni kama maji. Kwa hiyo asubuhi, jua likishashika mteremko, kaa juu ya njia ya wanyama. Harufu yako itakwenda juu zaidi, mbali nao. Jioni kaa chini yao. Alfajiri kabla ya jua hewa bado inateremka, na hapo ndipo watu wengi hukosea: wanakaa chini, ambapo panafaa, kisha jua linachomoza, hewa inageuka, na saa moja baadaye kila kilicho juu yao kinajua wapo. Kuwa na kiti cha pili cha kuhamia, au chagua mahali ambapo upepo unapita ubavuni, ukikata njia ya mnyama badala ya kuifuata. Mchana hewa huzunguka hovyo. Ni wakati mzuri wa kulala.

Dawa za kuondoa harufu zinazouzwa kwa wawindaji hupunguza harufu, haziiondoi. Ngozi yako inapukutisha chembe muda wote, na pumzi yako inatoka muda wote. Oga kwa sabuni isiyo na manukato, acha marashi, acha mafuta ya nywele yenye harufu, na dawa ya mbu paka kidogo au vaa nguo zinazofunika mwili. Wapo wanaojipaka kinyesi cha mnyama. Pua inayoweza kutenganisha harufu nyingi kwa wakati mmoja itasoma kinyesi, na itakusoma wewe chini yake. Usijisumbue.

Hatua ya 2: Chagua kiti

Nasema kiti kwa makusudi, kwa sababu anayekaa huona zaidi kuliko anayetembea. Anayetembea anafukuza kila kitu mbele yake bila kujua. Anayekaa anaacha pori limrudie.

Kwanza tafuta mgongo. Mti mnene, jiwe, kichuguu au ukingo wa mtaro nyuma yako humeza umbo lako. Umbo la binadamu, kichwa cha mviringo juu ya mabega mapana, wanyama wanalijua vizuri mno. Likisimama peke yake mbele ya anga, hakuna nguo itakayokusaidia. Ndiyo maana hutakiwi kamwe kutokeza juu ya ukingo wa kilima. Ukitaka kuona upande wa pili, lala kifudifudi na uchungulie pembeni mwa jiwe au kichaka, chini kabisa.

Pili, kaa mbele ya kichaka, si nyuma yake. Wageni hili huwashangaza. Nyuma ya kichaka utalazimika kunyanyuka, kuinama, kusogeza tawi ili uone, na kila mara unatikisa kitu. Mbele yake, kivulini, huku majani yakiwa nyuma yako na nyasi kidogo zikifunika miguu, unaona kila kitu bila kusogea.

Tatu, jua liwe nyuma yako au ubavuni. Likiwa mbele yako linakumulika uso, linang'arisha vioo vya darubini na miwani, na wewe mwenyewe huoni vizuri.

Nne, jiweke kando ya njia na kando ya maji, usikae juu yake. Ukikaa mahali penyewe pa kunywea, hasa mahali pakavu penye dimbwi moja, wenye kiu watasubiri uondoke, na wengine hawawezi kusubiri sana. Umbali wa mita hamsini hadi mia, kwa darubini ya ukuzaji wa mara nane, unatosha kuona hata kope za swala.

Hatua ya 3: Nyamazisha mifuko

Fanya zoezi hili nyumbani. Vaa kila kitu utakachovaa, beba kila utakachobeba, kisha ruka mara mbili na kukaa chini. Kila kinacholia, kitoe au kifunge kwa kitambaa: funguo, sarafu, kifuniko cha chupa, bizimu ya mkanda wa begi. Velkro, ule ukanda wa kunatisha unaochanika kwa kelele, ni adui. Kile unachokihitaji mara kwa mara kiweke kwenye mfuko wa kifungo au usio na mfuniko kabisa. Zipu fungua kabla hujakaa.

Simu iweke kimya, na mtetemo pia uzime, kwa maana simu inayotetemeka juu ya kisanduku cha plastiki husikika mbali. Kwenye kamera zima mlio wa kulenga na kile kitaa kinachomulika gizani kusaidia kulenga. Kama ina kifyatulio kisicho na sauti, tumia hicho. Usipige picha ya kwanza mnyama anapokuwa ameinua kichwa. Subiri ashushe.

Chakula kisiwe na harufu kali wala karatasi ya kuchakacha.

Hatua ya 4: Nguo

Sasa tunafika kwenye kile ambacho wengi huanza nacho. Wanyama wengi wenye kwato huona rangi kwa aina mbili tu za chembe za macho, tofauti na tatu tulizonazo. Rangi ya chungwa na nyekundu kwao haijitengi sana na kijani. Ndiyo maana wawindaji wa kulungu wa Ulaya na Amerika, wale wenye pembe za matawi, katika nchi nyingi huvaa kizibao cha rangi ya chungwa kali ili wasipigane risasi, na bado kulungu wanawakaribia. Kama unatazama wanyama mahali penye msimu wa uwindaji, kivae na wewe, hutapoteza chochote.

Buluu ni habari nyingine. Macho hayohayo yanaiona vizuri, na kulungu wanahisi hata sehemu ya mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Sabuni nyingi za unga huwa na viongezo vya kung'arisha nguo, na viongezo hivyo hurudisha mwanga huo kama mng'ao wa buluu. Shati la kijani lililofuliwa kwa sabuni hiyo huweza kung'aa machoni pao, hasa mapambazuko na machweo. Limulike gizani kwa taa ile ya kukagulia noti: likiwaka buluu, lifue upya mara kadhaa kwa sabuni isiyo na kiongezo hicho. Ndege wanaona rangi kuliko sisi, kwa hiyo kwao rangi kali zote ziepuke.

Yaliyobaki ni mafupi. Rangi hafifu za udongo, nyasi kavu au majani. Pamba au sufu, kwa sababu hazichakachi. Kofia yenye ukingo wa kutia uso kivuli, glavu nyembamba, na kitambaa cha wavu usoni ukiweza, maana uso na mikono ndivyo vinavyong'aa na ndivyo vinavyosogea. Nguo za madoadoa ya kijeshi ziache: nchi kadhaa, zikiwemo Barbados, Zambia na Zimbabwe, zinawakataza raia kuzivaa, na hata pale zinaporuhusiwa askari wa hifadhi akikuona umejibanza kichakani ukiwa umezivaa hatafikiri kwamba unatazama ndege.

Hatua ya 5: Ingia mapema, kisha usifanye kitu

Fika kitini kabla ya saa ya wanyama. Kama unatazama alfajiri, uwe umekaa walau dakika arobaini kabla ya mwanga wa kwanza. Njia ya kuingilia nayo ipimwe kwa upepo: hakuna faida ya kukaa mahali pazuri ikiwa ulipita kwenye malisho yao na kuacha harufu ya miguu.

Kuingia kwako kumelivuruga pori, hata ukitembea kwa adabu. Ndege wamenyamaza, kindi amepanda juu, mjusi amejificha. Itachukua dakika ishirini, wakati mwingine nusu saa, kabla mambo hayajarudi. Utajua yamerudi ndege wadogo wanapoanza tena kuimba na kula karibu nawe. Wengi huondoka dakika ya kumi na tano, wakisema hapa hakuna kitu.

Kaa mkao ambao mwili unaweza kuuvumilia. Kigoda kifupi au kipande cha sponji chini ya makalio kitakuongezea saa nzima. Darubini ishikie kifuani, viwiko vikiwa juu ya magoti, ili kuinua kwake kuwe safari ya inchi chache. Ukitaka kugeuza kichwa, kigeuze polepole kiasi kwamba wewe mwenyewe unachoka kungoja. Tumia macho kabla ya shingo, na shingo kabla ya kiwiliwili. Mbu akitua, mpulize.

Mnyama akija karibu sana, usimkazie macho. Majaribio kwa kwezi yameonyesha kwamba ndege hao hurudi kwenye chakula haraka zaidi mtu aliye karibu anapokuwa ametazama pembeni kuliko anapowatazama wao. Macho mawili yaliyoelekezwa mbele ni alama ya mwindaji. Tazama chini kidogo au kando yake, na umwone kwa pembe ya jicho.

Hatua ya 6: Ukilazimika kumnyemelea

Wakati mwingine mnyama yuko mahali na haji. Ndipo unamwendea, na ndipo mwenda pole hajikwai huwa si methali tena.

Usiende moja kwa moja. Mwendo wa mstari ulionyooka kuelekea kwake ni mwendo wa simba. Nenda kimshazari, kana kwamba unapita kwenda kwingine, ukitumia miti na mashimo ya ardhi kama vituo. Chagua kituo kinachofuata kabla hujaacha ulichopo.

Songa anapokuwa na kichwa chini, simama anapoinua. Simama kabisa, hata kama mguu mmoja uko hewani, hata kama kiuno kimepinda. Mnyama aliyeona kitu akakosa uhakika atasubiri kisogee ili akihakikishe. Kulungu wana hila yao hapa: hushusha kichwa kama anayerudi kula, kisha hukinyanyua ghafla kuona kama kile kitu kimedanganyika. Usisogee mara ya kwanza anaposhusha. Ngoja ya pili, na mdomo uanze kutafuna kweli.

Unyayo ushuke kwa ukingo wa nje, ukipapasa kwanza, uzito uje baadaye. Ukihisi kijiti, inua, weka kwingine. Soli nyembamba hukusaidia kuhisi. Baada ya mvua majani hayalii, na siku hizo ni bora kuliko zote kwa kunyemelea. Upepo ukivuma na kutikisa miti, tembea ndani ya mvumo wake na usimame unapokatika. Na usitembee kwa mdundo. Wanyama wachache sana hutembea kwa hatua mbili zilizo sawa, tap, tap, tap, kwa dakika kumi. Hatua tatu, kituo, hatua moja, kituo kirefu, hivyo ndivyo anavyotembea anayekula majani.

Hatua ya 7: Sikiliza walinzi wengine

Unayemnyemelea anaweza asikuone, ila ana majirani. Tumbili wana milio tofauti kwa chui, kwa tai na kwa nyoka. Hilo lilithibitishwa huko Amboseli kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1980, na wanyama wengine wengi wanasikiliza. Kanga wakilipuka kwa kelele, kila mwenye masikio anajua kuna jambo.

Mfano mkali zaidi ni wa kifaru mweusi na ndege wa askari wa kifaru, wale wanaokula kupe mgongoni mwake. Utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2020 ulikuta kwamba kifaru asiye na ndege hao alimgundua mtu anayemjia katika asilimia 23 tu ya majaribio. Waliokuwa nao waligundua kila mara, kwa wastani mtu akiwa bado umbali wa mita 61. Kwa hiyo, kabla ya kumkaribia mnyama mkubwa, mtazame mgongoni.

Mnyama mwenyewe naye atakuonya kwa hatua. Kwanza anaacha kutafuna. Kisha masikio yote mawili yanaelekea upande wako, shingo inanyooka, mkia unakaza au unainuka. Wengine hupiga mguu chini au hupuliza pua. Ukiona dalili ya kwanza, ganda. Ukiona ya mguu na pua, umeshagunduliwa. Usisonge mbele tena. Rudi nyuma taratibu na umwachie nafasi. Kumfuata anayekimbia ni kumwongezea hofu na kumchosha bure, na kwa mama mwenye mtoto au ndege mwenye mayai gharama yake inaweza kuwa uhai wa mtoto.

Usiku

Mamalia wengi wa usiku hawasumbuki sana na mwanga mwekundu hafifu kama wanavyosumbuka na mweupe. Funika tochi kwa kichujio chekundu, shusha mwanga, na mulika pembeni mwa mnyama ili ukingo wa mwanga ndio umguse. Usimmulike machoni mnyama anayewinda au anayewindwa. Utamwamulia nani ale na nani afe usiku huo. Kama una kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama anapopita, zile zinazotumia mwanga wa infraredi wa nanomita 850 hutoa wekundu kidogo unaoonekana, na za nanomita 940 hazionekani kwa macho yetu, ingawa picha zake hufifia mapema zaidi.

Kibanda cha maficho, kama unarudi mahali palepale

Kwa ndege na wanyama wenye makazi ya kudumu, kibanda hushinda kila kitu. Kiweke kwa awamu: siku ya kwanza fito tu, mbali, kisha kitambaa, kisha sogeza kidogo kila baada ya siku moja au mbili, ukiangalia kama wenyeji wanaendelea na shughuli zao. Kitambaa kivutwe kikaze, maana kinachopepea huogofya. Usiweke kibanda karibu na kiota ambacho ndege bado anajenga au anatagia. Katika siku hizo ni rahisi sana kwake kukitelekeza.

Ndege wengi hawafuatilii idadi. Ingieni wawili kibandani wakiona, kisha mmoja atoke na aondoke wazi kabisa. Wataamini kibanda ni kitupu. Kunguru ni wagumu zaidi kudanganywa. Na kwa anayedhani kwamba kibanda chake ni kibaya, mwaka 1900 Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wapiga picha wa Uingereza, walijificha ndani ya ngozi ya ng'ombe dume iliyotengenezwa kama ng'ombe aliyesimama, wazi tumboni. Picha walipata. Starehe, sidhani.

Gari nalo ni kibanda. Pale ambapo wanyama wamezoea magari, zima injini, zima taa ya ndani, na usitoe mkono wala kichwa nje: wanalijua umbo la gari, na umbo la mtu likitokeza dirishani linavunja mazoea hayo mara moja.

Ipo pia njia ya kutojificha kabisa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu kutoka Uingereza, alipofika Gombe, Tanzania, mwaka 1960, alikaa wazi kilimani siku baada ya siku akiwa na nguo za rangi hafifu zilezile, mpaka sokwe mtu wakamzoea. Inachukua miezi, na ni kazi ya mtafiti aliye na kibali na ulinzi wa muda mrefu. Mnyama aliyezoeshwa watu hamkimbii hata yule mwenye bunduki. Mtazamaji wa kawaida asiijaribu.

Wanyama ambao hutakiwi kujificha mbele yao

Kila kilichosemwa juu kina mpaka. Nyati, tembo, kiboko, simba na dubu ni wanyama ambao kuwashtua kwa karibu ni hatari kuliko kuonekana kwa mbali. Katika nchi za dubu ushauri ni kinyume cha mwongozo huu: ongea, piga makofi, wajue unakuja. Kwa miguu, nenda na mwongoza safari mwenye leseni, na pale kanuni zinapotaka askari mwenye silaha, naye awepo. Usikae kamwe kati ya kiboko na maji, wala kati ya mama na mtoto wake, wala kwenye ukingo wa maji yenye mamba. Kagua kwa kijiti mahali unapotaka kukaa. Nyoka naye hupenda kivuli na mgongo wa mti, na kifutu hakimbii anapojiwa.

Hifadhi nyingi zina umbali wa lazima. Yellowstone, Marekani, wageni hukaa angalau mita 91 kutoka kwa dubu, mbwamwitu na puma, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine. Kwa gorila na sokwe mtu sababu ni nyingine: mafua yetu huwaua. Mita 10 au zaidi, barakoa usoni, na ukiwa na kikohozi usiende.

Pata kibali, na mwambie mtu unakokwenda, njia utakayotumia na saa utakayorudi. Anayejificha vizuri ni vigumu kutafutwa akivunjika mguu.

Kuondoka

Usinyanyuke mnyama akiwa mbele yako. Subiri apite au ageuke, kisha rudi kwa njia uliyoingilia, upepo ukiwa bado upande wako. Akibaki hapo na muda wako umekwisha, rudi nyuma ukiwa umeinama mpaka umefichika, ndipo usimame. Rudisha matawi uliyosogeza, ondoka na kila takataka, na mkojo usiuache karibu na kiti. Chupa yenye mdomo mpana ni kifaa cha kawaida kabisa katika begi la mtazamaji.

Ukipanga kurudi, usitumie kiti hicho kila siku. Kwenye daftari andika saa uliyoingia, upepo ulikotoka na saa ulipogeuka, wanyama walitokea upande gani, na ni kipi kilichowashtua kama walishtuka. Baada ya muda kurasa hizo zitakuonyesha hewa ya mahali pale hugeuka lini, na utajua kama kiti chako kinafaa asubuhi, kinafaa jioni, au inabidi ukitafutie upande mwingine wa korongo.